Mazoezi ya Nguvu na Mapumziko: Dawa Moja kwa Mwili wa Mkimbiaji

Tarehe 15 Septemba 2025, jijini Tokyo, mbio za marathoni za wanaume katika Mashindano ya Dunia ya Riadha ziliamuliwa kwa picha. Alphonce Simbu wa Tanzania na Amanal Petros wa Ujerumani waliandikiwa muda uleule, saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Ilibidi kamera ya mstari wa mwisho ichunguzwe ndipo ikaonekana kwamba Mtanzania alimtangulia mwenzake kwa sekunde 0.03. Taifa lilishangilia dhahabu, na ilistahili. Sisi tunaotibu wanamichezo tuliona humo somo la fiziolojia pia: mapafu na moyo humfikisha mkimbiaji kwenye mita 100 za mwisho, lakini kinachoamua hapo ni nguvu iliyosalia miguuni baada ya saa mbili za kukanyaga lami.

Wiki chache baada ya mbio hizo alikuja kliniki binti wa miaka 19, mkimbiaji wa mita 5,000 na mbio za nyika. Alichechemea. Alikuwa ameamua kuwa na miguu yenye nguvu, na kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumwongoza, aliongeza siku nne za kunyanyua vyuma juu ya siku sita za kukimbia. Katika wiki ya tano muundi, yaani mfupa wa mbele wa mguu chini ya goti, ulianza kumuuma. Katika wiki ya saba hakuweza kuruka kwa mguu huo hata mara moja. Picha ya eksirei haikuonyesha kitu. Kipimo cha MRI kilionyesha ufa.

Jambo lililonisumbua zaidi lilikuwa kwenye faili lake. Mwaka mmoja kabla ya hapo nilimwona mimi mwenyewe kwa maumivu ya mguu uleule, nikaandika maneno mawili: “Apumzike, wiki 6.” Alipumzika, maumivu yakaisha, akarudi uwanjani akiwa na mguu dhaifu kuliko ule aliokuja nao. Mara ya kwanza alipewa mapumziko bila mazoezi ya kumjenga, na mara ya pili akajipa mazoezi bila mapumziko. Makala haya yanaeleza kwa nini vitu hivyo viwili ni dawa moja, na kwa nini ukimpa mtu nusu yake unaweza kumdhuru.

Nguvu humsaidiaje mkimbiaji?

Mazoezi ya nguvu ni mazoezi yoyote yanayolazimisha misuli kusukuma au kuvuta uzito mkubwa kuliko ule iliouzoea. Uzito huo unaweza kuwa vyuma, mfuko wa mchanga, au mwili wenyewe.

Tiba ilianza kuyatumia kwa utaratibu wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Hospitali za jeshi la Marekani zilikuwa zimejaa askari waliopata majeraha ya magoti na mifupa, na desturi ya wakati huo ilikuwa kuwapa mazoezi mepesi yenye kurudiwa mara nyingi. Daktari Thomas DeLorme, aliyekuwa mnyanyua vyuma tangu ujana, aliwapa wagonjwa wake uzito mkubwa uliopandishwa hatua kwa hatua, na mwaka 1945 akachapisha matokeo yake. Mwanzoni aliagiza seti 7 hadi 10, kila moja yenye marudio 10. Baada ya kuendelea kuwachunguza wagonjwa, mwaka 1948 yeye na mwenzake Arthur Watkins walipunguza hadi seti 3. Inafaa tukumbuke hilo: mwasisi wa tiba hii aliipunguza dozi alipoijua vizuri zaidi.

Faida ya kwanza huja kupitia mishipa ya fahamu. Katika wiki za mwanzo misuli haijanenepa bado, ila ubongo na uti wa mgongo hujifunza kuziamsha nyuzi nyingi zaidi za misuli kwa wakati mmoja. Ndiyo maana mtu huweza kuongeza nguvu bila kuongeza kilo. Wakimbiaji wengi huogopa kwamba vyuma vitawafanya wawe wazito. Kwa mtu anayekimbia kila wiki, anayenyanyua mara mbili tu na asiyekula kupita mahitaji yake, hofu hiyo haina msingi mkubwa.

Faida ya pili ni ya kano, hizo kamba ngumu zinazounganisha misuli na mifupa. Kila mkimbiaji anapokanyaga, ardhi humrudishia nguvu inayofikia mara mbili hadi tatu ya uzito wake. Kano ya kisigino hubeba zaidi ya hapo; mvutano wake hufikia mara sita au zaidi ya uzito wa mwili. Kano hiyo hufanya kazi kama mpira wa manati: huvutika mguu unapotua, kisha huirudisha nishati hiyo mguu unapoondoka. Mazoezi ya uzito mkubwa huifanya iwe imara, na kano imara hupoteza nishati kidogo.

Matokeo yake ni kwamba mkimbiaji hutumia oksijeni kidogo kwa kasi ileile, kama gari linalokwenda mbali zaidi kwa lita moja ya mafuta. Mwaka 1999 watafiti wa Finland, wakiongozwa na Leena Paavolainen, walichapisha matokeo ya wanariadha wa mbio ndefu ambao kwa wiki 9 waliweka mazoezi ya kuruka, mbio fupi za kasi na kunyanyua vyuma mahali pa karibu theluthi moja ya mazoezi yao ya kawaida. Muda wao wa kilomita 5 ulipungua kwa takribani asilimia 3, ilhali kiwango cha juu cha oksijeni ambacho miili yao iliweza kutumia hakikuongezeka. Pumzi ilikuwa ileile. Miguu ilikuwa imejifunza kuitumia vizuri zaidi.

Zingatia pia kwamba mazoezi hayo hayakurundikwa juu ya yale ya zamani. Yaliwekwa mahali pake. Hapo ndipo binti wetu alipokosea, na hayuko peke yake.

Kila tishu ina saa yake

Mtu anaponyanyua uzito haongezi nguvu wakati huo. Anajichosha, na akimaliza ni dhaifu kuliko alivyoanza. Zoezi ni taarifa kwa mwili kwamba kuna kazi kubwa inayokuja. Ujenzi wenyewe hufanyika baadaye, mtu akiwa amekaa, anakula, au amelala. Fundi anayemwaga zege analijua jambo hili. Zege likishamwagwa hunyweshwa maji na kuachwa likomae. Anayepandisha ghorofa kesho yake anajenga juu ya tope.

Ugumu ni kwamba sehemu za mwili hazikomai kwa kasi moja.

Akiba ya wanga iliyo ndani ya misuli, iitwayo glikojeni, hujazwa tena kwa muda wa saa 24 hivi iwapo mtu anakula vya kutosha.

Misuli huongeza utengenezaji wa protini mara baada ya zoezi la nguvu, na ongezeko hilo huendelea kwa saa 24 hadi 48. Maumivu ya misuli ambayo hayajazoeleka hufika kileleni kati ya siku ya kwanza na ya tatu, kisha huisha.

Kano huenda polepole zaidi. Katika siku ya kwanza baada ya zoezi zito, uvunjaji wa nyuzi zake huzidi ujenzi. Mizani hugeuka upande wa ujenzi baada ya saa 24 hadi 36, na ujenzi huweza kuendelea hadi saa 72.

Mfupa ndio wenye saa ndefu kuliko zote. Mfupa hai hujirekebisha kila siku: seli za kundi moja humeng'enya sehemu iliyochakaa, na seli za kundi jingine hujaza shimo lililobaki. Umeng'enyaji huchukua takribani wiki 3, ujazaji huchukua miezi 3 au zaidi. Kwa hiyo mzigo mpya unapoanza, mfupa hupitia kipindi cha udhaifu kabla ya kuwa na nguvu zaidi. Mwaka 1855 Breithaupt, daktari wa jeshi la Prussia, alieleza uvimbe wenye maumivu katika nyayo za askari vijana waliotembezwa safari ndefu. Eksirei ilikuwa haijagunduliwa. Leo tunajua kwamba aliyoyaona yalitokana na nyufa za mifupa ya nyayo, na majeshi yote duniani bado huziona kwa vijana wapya katika miezi ya kwanza ya mafunzo.

Sasa yatazame yaliyompata binti wetu. Baada ya wiki tatu maumivu ya misuli yalikuwa yamekwisha na alijisikia na nguvu kuliko wakati wowote, kwa hiyo akaongeza uzito. Misuli yake ilikuwa tayari. Mfupa ulikuwa bado katikati ya matengenezo, mashimo yakiwa wazi. Hisia zake hazikumdanganya kuhusu misuli, ila hazikuwa na habari ya mfupa.

Pale nishati inapopungua

Ujenzi unahitaji vifaa. Mwili unaotumia nishati nyingi mazoezini na kupata kidogo mezani hukata matumizi yasiyo ya lazima kwa uhai wa siku hiyo. Uzazi ni miongoni mwa huduma za kwanza kupunguzwa: kwa mwanamke hedhi huchelewa au hukoma, kwa mwanamume homoni ya kiume na hamu ya tendo hupungua. Ujenzi wa mfupa hushuka, kinga hudhoofu, na hali ya moyo hubadilika. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko kuhusu hali hii ya upungufu wa nishati kwa wanamichezo, ikisisitiza kwamba huwapata wanawake na wanaume.

Nilipomuuliza binti kuhusu hedhi, alijibu kwa utulivu: “Haipo tangu Februari, Daktari. Wenzangu wanasema ndiyo dalili kwamba umeiva kimazoezi.” Hapana. Kukosa hedhi kwa miezi mitatu au zaidi si cheti cha mazoezi mazuri. Ni dalili ya ugonjwa inayohitaji uchunguzi, kuanzia na kipimo cha ujauzito, na ni onyo kwamba mifupa inakosa homoni inayoilinda. Mwaka uliotangulia sikumuuliza swali hilo.

Usingizi, sahani na barafu

Wanamichezo huniuliza kuhusu unga wa protini, maji ya barafu na vidonge. Huanza na usingizi, kwa sababu ni bure na hakuna kinachoweza kuuziba mwanya wake. Katika utafiti mdogo wa Chuo Kikuu cha Stanford uliochapishwa mwaka 2011, wachezaji 11 wa mpira wa kikapu waliombwa kulenga saa 10 kitandani kila usiku kwa wiki 5 hadi 7. Kasi yao iliongezeka, na usahihi wa mitupo yao ukapanda kwa takribani asilimia 9. Kundi lilikuwa dogo na halikulinganishwa na lingine, lakini mwelekeo unakubaliana na tunayoyaona kliniki. Mtu mzima anayefanya mazoezi makali alenge saa 8 au zaidi. Kijana wa sekondari anahitaji zaidi ya hapo, na kumwamsha saa 10 alfajiri akimbie baada ya kusoma hadi saa 6 usiku ni kumnyang'anya mafunzo ya siku iliyopita.

Kuhusu chakula, anayechanganya mbio na mazoezi ya nguvu anahitaji takribani gramu 1.4 hadi 2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, zikigawanywa katika milo yote. Mtu wa kilo 55 anahitaji basi gramu 77 hadi 110. Maharage, dagaa, mayai, maziwa, karanga, samaki na nyama vinaweza kutosheleza bila kopo la dukani. Ugali, wali, viazi na ndizi si adui wa mkimbiaji. Ndiyo mafuta ya injini yake. Kosa ninalokutana nalo mara nyingi ni kukimbia asubuhi, kunywa chai ya rangi peke yake, na kungoja chakula cha mchana.

Maji ya barafu yana nafasi yake pale mtu anaposhindana leo na kesho. Hata hivyo, yakitumiwa kila baada ya zoezi la nguvu huweza kupunguza faida yake. Watafiti wa Australia walilionyesha hilo mwaka 2015: waliokaa dakika 10 katika maji ya baridi kali baada ya kila zoezi, kwa wiki 12, waliongeza misuli na nguvu kidogo kuliko waliopoa kwa kuendesha baiskeli taratibu. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki zisitumiwe ili kumwezesha mtu kufanya mazoezi. Huficha ishara ya mfupa unaopasuka, na kwa mtu aliyepungukiwa maji huweza kuyadhuru mafigo.

Dozi ya wiki

Kwa mkimbiaji mwenye afya, siku mbili za nguvu kwa wiki zinatosha, zikitenganishwa kwa saa 48 au zaidi. Mazoezi manne au matano yanatosha kwa siku: kuchuchumaa na kuinuka ukiwa umebeba uzito, kupanda juu ya kiti imara kwa mguu mmoja, kuinua visigino ukiwa kwenye ukingo wa ngazi, kuinua nyonga ukiwa umelala chali, na zoezi la misuli ya nyuma ya paja ambapo unapiga magoti, mwenzako anakushika vifundo vya miguu, nawe unashuka mbele polepole. Zoezi hili la mwisho limechunguzwa sana kwa wachezaji wa soka, na hupunguza majeraha ya misuli hiyo kwa takribani nusu.

Anayeanza afanye seti 2 au 3 za marudio 8 hadi 12, akiacha akiba: amalize kila seti akiwa bado anaweza kurudia mara mbili au tatu. Baada ya wiki 6 hadi 8, akiwa hana maumivu, apandishe uzito na kupunguza marudio hadi 5 au 6. Kati ya seti apumzike dakika 2 au 3. Kila baada ya wiki tatu, wiki ya nne iwe nyepesi.

Zoezi la nguvu liwekwe siku ileile ya mbio ngumu, saa kadhaa baada ya mbio, ili siku inayofuata iwe nyepesi kwelikweli. Siku moja ya wiki isiwe na zoezi lolote. Wiki mbili kabla ya mashindano punguza wingi wa mazoezi kwa takribani nusu bila kupunguza kasi yake. Na unapoanza vyuma kwa mara ya kwanza, punguza kilomita kwanza.

Kwa wahudumu wa afya

Mwanamichezo anapokuja na maumivu ya mfupa, uliza mambo manne kabla ya kuandika chochote: nini kimebadilika katika mazoezi yake ndani ya wiki 8 zilizopita, analala saa ngapi, anakula nini na saa ngapi, na hedhi yake ikoje. Bonyeza mfupa kwa ncha ya kidole. Maumivu yaliyo mahali pamoja, yanayozidi mtu anapokanyaga, yachukuliwe kuwa ufa hadi ithibitike vinginevyo. Eksirei iliyo safi katika wiki mbili au tatu za mwanzo haiondoi tatizo. Pale ambapo MRI haipatikani, mpumzishe mguu kwa kuzingatia dalili na urudie picha baada ya wiki hizo.

Hali mbili hazingoji. Maumivu ya kinena kwa mkimbiaji yanaweza kuwa ufa katika shingo ya mfupa wa paja. Mpe magongo, asikanyage, na umpe rufaa siku hiyohiyo. Na mtu mwenye maumivu makali ya misuli, uvimbe, na mkojo wa rangi ya chai baada ya zoezi zito huenda misuli yake inavunjika na kuyaziba mafigo. Huyo ni mgonjwa wa dharura.

Unapoandika “apumzike”, andika pia lini aanze tena, aanze na nini, na aongeze kiasi gani. Mshirikishe mtaalamu wa fiziotherapia tangu wiki ya kwanza. Mguu ulioumia unaweza kupumzishwa huku mwili uliobaki ukifanya kazi.

Hivyo ndivyo tulivyofanya kwa binti yule mara ya pili. Alitumia magongo kwa wiki chache za mwanzo, akaendesha baiskeli iliyofungwa mahali pamoja, akaanza kuinua visigino pale alipoweza kutembea bila maumivu. Mama yake alikuja kliniki, tukazungumza kuhusu kifungua kinywa. Kukimbia kulianza kwa dakika moja moja katikati ya kutembea. Leo anakimbia siku tano, ananyanyua uzito siku mbili kati ya hizo, na siku mbili hafanyi zoezi lolote. Hedhi imerudi. Hajapata medali, na muda wake wa mita 5,000 ndiyo kwanza umefikia ule wa kabla ya kuumia. Alipokuja mara ya mwisho aliniambia kwamba siku za kupumzika ndizo ngumu kuliko zote, kwa sababu wenzake wanampita barabarani akiwa ameketi barazani. Nilimjibu kwamba siku hizo zimo kwenye ratiba, nimeziandika kwa mkono wangu, na ninazihesabu kama siku za kazi.